Sababu ya Malipo

Meza yangu ipo komini ya Kadutu, ya tatu toka mlangoni,
chini ya bati lenye tundu. Mvua ikija
navuta rejesta ya vizazi kuelekea ukutani
kama mtu anayemvuta mtoto asikanyage tope.
Nina muhuri mmoja, na kidau cha wino
ninachokitemea mate kikikauka.
Mshahara wa mwezi wa tatu uliingia mwezi wa nane.
Nasema haya si kwa kujitetea.
Ama ndiyo, kidogo ni kujitetea.

Ukutani kuna karatasi: Kuandikisha mtoto ni bure.
Niliibandika mwenyewe, kwa uji wa muhogo,
siku wageni wa mradi walipokuja kupiga picha.
Tangu hapo naitundikia koti.

Mama Nsimire alitoka Cimpunda kwa miguu,
mtoto mgongoni, wa siku ishirini na moja,
utosi ukipiga kama moyo wa ndege.
Nikauliza jina la baba, tarehe, saa.
Kisha nikakohoa.
Bukavu nzima inakijua kikohozi hicho:
hakina kifua, hakina homa,
kinapona kwa faranga elfu kumi.

Akafungua fundo la kitenge, akahesabu
noti zilizolainika kama sombe,
akaziweka juu ya rejesta.
“Niandikie risiti.”

Nikacheka. Hakucheka.
“Fedha hizi si zangu, ni za likelemba.
Tuko wanawake kumi na wanne, wa makaa na wa sambaza.
Jumapili nitasimama mbele yao na daftari.
Hata mia tano ikikosa mahali pake
Mwa Cibalonza atanyoosha kidole.
Mwaka jana tulimwondoa mweka hazina kwa kura,
kwa punje za maharagwe ndani ya sufuria,
kisa kipande kimoja cha sabuni.
Naye alikuwa wifi yangu.”

Nikavuta kitabu cha risiti. Kwa kweli nilikivuta.
Jina: Nsimire. Kiasi: elfu kumi.
Sababu ya malipo:

hapo kalamu ilisimama.
Niandike nini? Matabishi? Kikohozi?
Njaa ya wanangu watatu, ambayo ni ya kweli?
Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza,
ule ukimya wa watu wanaohesabu pamoja nawe.
Fundi viatu mmoja akasogea
asome juu ya bega lake.
Mtoto akapiga chafya.

Nikamrudishia noti zake. Nikagonga muhuri
kwa nguvu kupita kiasi, meza ikalia.
Hakusema asante. Kwa nini aseme?
Alisoma hati herufi kwa herufi, akanirudishia:
Nabintu, si Nabitu.
Nikaandika upya.

Ingekuwa hadithi nzuri kama ingeishia hapo.
Ijumaa shefu hupita mezani na bahasha yake
wazi kama mdomo wa kifaranga.
Kila meza ina kiwango; yangu, elfu arobaini.
Nikafungua kinywa kumwambia juma lilikuwa baya,
ikatoka sauti isiyo yangu, ya Cimpunda:
“Shefu, niandikie risiti.”

Sasa niko chumba cha nyuma, kwenye rejesta za zamani,
pamoja na panya na waliokufa.
Koti nalivaa; huku kuna baridi.
Lakini nasikia kwamba pale, meza ya tatu toka mlangoni,
karatasi ya ukutani inasomeka,
na mwenzangu Bisimwa anakohoa kwa tabu,
maana kila akikohoa, mtu fulani kwenye foleni
humuuliza, kwa upole,
kama anayo kalamu.